Aliyeshika Ngazi

Siku ya kwanza Mama Pasi kusikia baba yake akiitwa jambazi mkuu, alikuwa katikati ya kola. Lilikuwa shati jeupe la mwalimu wa sekondari, na kola huiachi nusu. Ukiinua pasi kabla hujafika mwisho inakunja uso, na hainyooki tena mpaka uiloweshe upya. Basi alisikiliza huku mkono ukienda.

Nje, mbele ya mlango aliouacha wazi kwa ajili ya joto, kundi la watu lilikuwa limesimama. Walivaa kofia za jua na viatu vya kutembelea, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mbele yao alikuwepo mwanamume mwembamba aliyening'iniza kipaza sauti kidogo shingoni. Mtaani walishampa jina hilo hilo, Kipaza, na kazi yake mpya ilikuwa kuwatembeza wageni na kuwahadithia mambo ya ajabu ya mtaa.

“Mabibi na mabwana,” alisema, “hapa ndipo alipoishi yule mtu. Kwa nje, fundi rangi, mtu wa kawaida kama mimi na wewe. Kumbe humu ndani ndimo alimopanga wizi ulioacha mji mzima mdomo wazi. Saa ya soko, mchana kweupe!”

Wageni waliguna. Simu zikainuliwa, mlango ukapigwa picha, na Mama Pasi ndani yake, na shati la mwalimu.

Alimaliza kola, akasimamisha pasi, akatoka.

“Samahani, mwanangu. Huyo unayemsema ni baba yangu. Hakupanga chochote. Waliomba ngazi, akawapa, akaishika isiteleze. Basi.”

Kipaza alimtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. Akawageukia wageni na kushusha sauti, ingawa kipaza chenyewe kilikuwa bado kimewashwa.

“Mnaona wenyewe? Miaka yote hii, familia bado inatunza siri.”

Wakapiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana hata alimshika Mama Pasi mkono, akamwambia kwa upole kwamba anamwelewa, kwamba hata yeye angemficha baba yake hivyo hivyo. Kisha kundi likasogea mbele, na Mama Pasi akabaki mlangoni na maneno yake mdomoni.

Kuhusu wizi wenyewe, hakuna aliyekuwa akibisha kwamba ulitokea. Mama Pasi alikuwa shule ya msingi. Juu ya lango la soko palikuwa na saa kubwa, uso wake upana wa meza ya kulia chakula, mishale yake mirefu kama mikono ya mtu mzima. Ilikuwa inatangulia kidogo, watu wamezoea, wanapunguza kichwani. Asubuhi moja walifika wanaume watatu wamevaa ovaroli za buluu, na pikapu, na sura za watu waliochoshwa na kazi. Walikuwa na kila kitu isipokuwa ngazi ndefu. Pembeni ya lango, baba yake Mama Pasi alikuwa anapaka rangi ukuta wa duka la dawa.

“Fundi, tuazime ngazi yako dakika mbili,” mmoja alimwambia. “Saa inakwenda kutengenezwa.”

Akashuka, akawapa. Mguu mmoja wa ngazi ulikuwa mfupi, na ni yeye tu aliyeujua ulemavu wake, kwa hiyo akasimama chini na kuishika kwa mikono miwili. Mwenye bucha alileta kamba. Trafiki alisimamisha magari ili pikapu irudi nyuma vizuri. Wauza mboga wakawa wanaelekeza, shusha kushoto, taratibu, msije mkaivunja! Saa iliposhuka salama watu wakashangilia. Wale watatu walishukuru, wakatundika pale juu kipande cha boksi kilichoandikwa SAA IMEKWENDA KUTENGENEZWA, TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU, wakaondoka zao.

Boksi lile lilinyeshewa mvua mpaka likapauka ndipo mkubwa mmoja wa manispaa alipopita na kuuliza saa iko wapi. Wakamwonyesha boksi. Akasema yeye ndiye anayehusika na matengenezo, na hajapeleka saa yoyote popote.

Hapo soko zima likapata ugonjwa wa kusahau. Mwenye bucha hakuwahi kuwa na kamba. Trafiki siku hiyo alikuwa zamu upande mwingine wa mji. Wauza mboga walikuwa wameinamia mboga zao. Kilichobaki ni ngazi, na ngazi ina mwenyewe. Matone ya rangi ya kila nyumba ya mtaa yalikuwa juu yake. Fundi rangi alikwenda kulala mahabusu. Walimwachia baadaye, maana hawakumpata na kosa, lakini hakuna aliyetangaza sokoni kwamba ameachiwa kwa kukosa kosa. Saa haikuonekana tena, wala wale watatu.

Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mtu wa mtaa ule akipanda gari, kondakta anamuuliza, “Saa ngapi kwenu?” Timu ya mtaa ikienda kucheza ugenini, uwanja mzima unaimba saa ngapi, saa ngapi, mpaka golikipa anachanganyikiwa. Na mtaa nao, kwa kuwa umechekwa, ukatafuta wa kumtwika. Fundi rangi akapewa jina la Ngazi, naye akabaki nalo mpaka kaburini. Shuleni binti yake aliulizwa saa ngapi kila kengele ilipogongwa. Alipigana mwanzoni. Baadaye akaacha, kwa sababu wenzake walikuwa wengi na yeye mikono yake ni miwili.

Ngazi hakuwa mtu wa hasira. Ubaya wake ni mmoja, alitaka aeleweke. Alieleza kwa kinyozi, alieleza kwenye foleni ya maji, alimweleza hata mganga wa meno akiwa amepanuliwa kinywa. “Niliombwa ngazi, nikaishika isiteleze.” Watu walimwitikia ndiyo, fundi, tunajua, kisha akigeuka wanatazamana na kuziba vicheko. Kazi za ukutani zilipungua. Nani amwite mtu na ngazi yake nyumbani, halafu majirani wachungulie? Mkewe, aliyekuwa mpishi kwenye shule ya bweni, ndiye aliyeishikilia nyumba. Huyo hakueleza kitu kwa mtu. Aliacha tu kupita kwenye lango la soko. Alizunguka kwa nyuma, kwenye majalala, miaka nenda miaka rudi, na kapu lake.

Ngazi alikufa kwa presha, akiwa kitandani mwake. Siku za mwisho alimshika binti yake mkono, akamwambia, “Wewe unajua ilivyokuwa.” Akajibu, “Najua, Baba.” Hilo tu ndilo aliloachiwa.

Kwa hiyo Kipaza alipoanza kuleta wageni kila wiki, Mama Pasi alifanya alivyoweza. Alitoka akaeleza, na maelezo yake yakawa sehemu ya matembezi. Wageni walimsubiri atoke kama wanavyosubiri simba atoke bandani. Akaacha kutoka. Kipaza akawaambia, “Leo amejifungia, hataki kuhojiwa.” Mama Pasi akafunga mlango, akashinda kwenye joto na mvuke mpaka macho yanaona mawili mawili. Wakapiga picha mlango uliofungwa.

Alikwenda ofisi ya mtaa. Ofisa alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho huku anachezea kifuniko cha kalamu.

“Mama yangu, nakuelewa,” alisema. “Lakini historia haina mwenyewe. Na huyu kijana ameuchangamsha mtaa. Wageni wananunua soda, wananunua kofia. Ukimzuia, nani atakuja huku?”

“Anamwita baba yangu mwizi.”

“Anamwita mwerevu. Kuna tofauti.” Ofisa akasogeza kiti karibu. “Hebu niambie, hapa tuko wawili. Mzee aliiweka wapi?”

Mama Pasi alisimama, akaaga. Alipofika nje hakujua alie au acheke, na barabara ilikuwa imejaa watu, akaona aende tu nyumbani akachemshe wanga wa sare za wauguzi.

Nyumbani kulikuwa na jambo lingine, kubwa kuliko Kipaza. Mama yake, yule mpishi wa zamani, alikuwa anasahau. Alianza na majina ya sufuria, akaja kwenye majina ya watu. Kuna asubuhi alimwita bintiye shangazi, kuna jioni alimuuliza kama wanafunzi wameshakula. Daktari alimpima, akasema ni uzee, hakuna dawa ya kuurudisha nyuma, ampe chakula kizuri na asimbishie. Kiti chake kilikuwa dirishani, chumba cha mbele, pembeni ya meza ya pasi. Hapo alishinda, na hapo ndipo sauti ya Kipaza ilipomfikia kila wiki, safi kama redio.

Mwanzo alitikisa kichwa tu. Siku moja, Mama Pasi akiwa ananyunyizia maji suruali, bibi huyo alisema, “Baba yako alikuwa na akili sana.”

“Alikuwa na akili, Mama.”

“Mji mzima aliuweka mfukoni. Mchana kweupe!”

Mama Pasi aliacha kunyunyizia. “Mama, huyo ni Kipaza anasema. Baba alishika ngazi. Wewe mwenyewe unajua. Ulimpelekea uji mahabusu.”

“Uji ulikuwa na ujumbe,” mama yake alijibu, akitabasamu na kidole mdomoni. Hilo nalo lilikuwa la Kipaza, neno kwa neno.

Tangu hapo bibi aliijua siku ya wageni hata kama hakujua mwezi. Alitaka kuoga mapema. Alitaka gauni lake la buluu, na alitaka lipigwe pasi vizuri, eti leo kuna watu. Aliomba kiti chake kitolewe nje ya mlango. Mama Pasi alikataa, bibi akalia kama mtoto aliyenyimwa matembezi, akakitoa mwenyewe akikikokota. Kipaza alipomwona hakuamini bahati yake. Alipiga goti mbele yake, akamwamkia, “Shikamoo, Bibi,” akamwekea kipaza mdomoni.

“Marahaba,” sauti ya bibi ikaenea mtaa mzima, naye mwenyewe akashtuka, akacheka. Halafu akaanza. Alieleza jinsi mumewe alivyokaa na wenzake watatu kwenye meza ile ya pasi, jinsi alivyoukata mguu wa ngazi makusudi ili apate kisingizio cha kusimama pale, jinsi alivyolala mahabusu kwa raha zake akijua hawatapata kitu. Alieleza kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega. Mama Pasi hakuwahi kumwona mama yake akisimulia kitu mbele ya watu. Mwanamke aliyepita majalalani ili asionwe sasa alikuwa amekaa katikati ya barabara, na watu wamemzunguka.

“Na saa, Bibi?” mgeni mmoja aliuliza. “Saa iko wapi?”

Bibi aliwatazama wote, mmoja mmoja, akanyoosha kidole nyuma yake.

“Chini ya kitanda changu. Ameizika. Naisikia.”

Jioni ile ile kaka yake Mama Pasi alipiga simu. Ni dereva wa malori ya masafa marefu, huonekana nyumbani mara chache. Mtu alikuwa amemtumia video.

“Dada, nimemwona Mama. Amependeza.”

“Anaumwa, kaka. Anasema asiyoyajua.”

Ngurumo za malori mengine zilisikika nyuma yake. “Lakini hebu tuseme ukweli. Mimi nilikuwa mdogo. Wewe una uhakika gani Baba hakuhusika?”

Mama Pasi aliondoa simu sikioni, akaitazama, kama vile imemmwagia maji ya moto. Angeeleza nini? Kwamba Baba alisema? Baba aliwaambia wote. Kwamba alimjua? Kaka naye alimjua. Alisema tu, “Endesha salama,” akakata.

Mwenye nyumba alifika kesho yake, na vijana wawili wenye sururu. Mzee huyo hakuwahi kuja kutazama paa lilipovuja.

“Nimekuja kukagua msingi,” alisema. “Nasikia sakafu ya chumbani ina matatizo.”

“Sakafu ni nzima, Mzee. Mama yangu ni mgonjwa, ana mambo ya uzee. Muulize daktari wake.”

“Nyumba ni yangu, mwanangu. Na kilicho chini ya nyumba ni cha mwenye nyumba.”

Mama Pasi alijiweka mlangoni mwa chumba. Wale vijana walisimama wakatazama chini kwa aibu. Mmoja wao alikuwa akimletea mashati ya mjomba wake. Na huenda wangerudi, laiti bibi asingetokea nyuma yake, akamsukuma kwa mkono laini, na kusema, “Wapishe, mwanangu. Karibuni, karibuni. Sogezeni kitanda. Hapo, kwenye ile pembe.”

Wakasogeza kitanda. Bibi aliketi juu ya sanduku la nguo akawaelekeza, kushoto kidogo, hapana, rudi. Saruji ilipasuka, vumbi likaingia chumba cha mbele na kutua juu ya mashati yaliyoning'inia kwenye waya. Mama Pasi alikuwa anayashusha na kuyafunika kwa shuka, anarudi kuomba, anakwenda tena kufunika. Majirani walijaa dirishani. Kipaza naye alikuwepo, bila kipaza, ananyoosha shingo.

Walichimba hadi magotini. Walipata udongo, kisigino cha kiatu, na bomba la maji, ambalo sururu ililifikia kabla ya macho. Maji yaliruka hadi darini. Yalijaza shimo, yakavuka kizingiti, yakapita chini ya meza ya pasi na kuelekea barabarani, na majirani wakaruka pembeni wakipiga mayowe na vicheko. Mama Pasi alichomoa waya wa umeme, akasimama katikati ya maji na sare za wauguzi begani, hana pa kuziweka.

Mwenye nyumba aliloa hadi mapajani. Alisema atatuma fundi. Fundi wa bomba alikuja. Wa sakafu hajaja mpaka leo. Mama Pasi amekwenda kwake kukumbusha, akaambiwa nyumba hiyo imeshamletea hasara ya kutosha.

Shimo lilijazwa kifusi, kitanda kikahamia chumba cha mbele. Lakini bibi hakutulia. Alisimama juu ya kile kifusi, anashika kichwa.

“Imeibwa,” alisema. “Wamemwibia mume wangu. Nimewaingiza mwenyewe!”

Alilia siku hiyo, akalia na siku zilizofuata, chakula hakigusi. Mama Pasi alimkalisha, akamshika mabega, akajaribu kwa mara ya mwisho.

“Mama, nisikilize. Hakuna kilichoibwa. Hakukuwa na saa. Baba aliombwa ngazi, akaishika. Alikuwa mtu mwema, akawasaidia watu asiowajua. Hilo tu.”

Mama yake aliacha kulia. Alimtazama kwa macho makavu, yale ya zamani, ya mtu anayejua hasa anasema na nani.

“Mimi nimekuwa mke wa bwege tangu ujana wangu,” alisema. “Nimechekwa mpaka nimezeeka. Leo nimeambiwa nilikuwa mke wa mtu mwenye akili. Wewe ndiye unataka kuninyang'anya?”

Mama Pasi alimwona baba yake kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwake. Alimwona mama yake na kapu, anazunguka kwa nyuma. Wazazi wawili, na ukweli mmoja usiowatosha wote. Na macho ya bibi yalikuwa yameanza tena kutafuta, yanazunguka chumba, yanarudi kwenye kifusi.

“Haikuibwa,” Mama Pasi alisema. “Baba aliihamisha.”

“Lini?”

“Kitambo. Kabla hajaugua.”

“Wapi?”

“Hakuniambia.”

Bibi alifikiri. Uso ukalegea, pole pole, akacheka na kujifuta machozi kwa kiganja. “Ndivyo alivyo,” alisema. “Hata mimi hakuniambia.” Akaomba uji, akanywa wote.

Wiki iliyofuata Kipaza alikuwa na hadithi mpya mlangoni, aliyoipata kwa bibi, saa imehamishwa, haijulikani ilipo. Mama Pasi aliisikia akiwa anapiga pasi mikono ya shati, na hakutoka. Angetoka kusema nini? Safari hii maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Siku hizi analala kwenye godoro chini ya meza, na mama yake kitandani kando ya dirisha. Kuna siku bibi anamjua, kuna siku hamjui. Siku ambazo hamjui, humchukulia kuwa mmoja wa wageni aliyebaki nyuma wenzake walipoondoka, na kwa kuwa ni mwenyeji mwema humwonyesha kiti. Mwanzo Mama Pasi alikuwa akimkumbusha, “Ni mimi, Mama.” Ikawa inamtisha bure. Sasa anaizima pasi, anaketi.

“Umekuja kwa ajili ya mume wangu?” bibi anauliza.

“Ndiyo, Bibi. Alikuwa mtu wa namna gani?”

Naye anaeleza yote, wale watatu, mguu wa ngazi, uji. Akimaliza huinama karibu na kumnong'oneza.

“Ana binti yake, anakaa humu humu. Yeye hataki kabisa kusikia haya, roho inamuuma. Tafadhali usije ukamwambia nimekusimulia.”

“Sitamwambia,” anasema Mama Pasi.